Chupa ya maji isiyo na maji: jinsi ya kuhifadhi sumu za nyumbani bila kabati

Swali: Shikamoo daktari. Tunaishi chumba kimoja, mimi na mume wangu, mama mkwe, na watoto wawili wa miaka 5 na miaka 2. Wiki iliyopita mdogo alichukua chupa ya maji iliyotiwa mafuta ya taa akanywa kidogo. Mama mkwe alimpa maziwa, akamtia kidole kooni ili atapike. Alitapika, akakohoa kidogo, baadaye akawa mzima. Tangu siku hiyo sina amani. Kila ninaposoma naambiwa niweke vitu hivi kwenye kabati lenye kufuli, na mimi kabati sina. Niviweke wapi? Ikitokea tena nifanye nini? Na mama mkwe nimwambieje, maana anaamini ni maziwa yaliyomwokoa mjukuu wake?

Jibu: Marahaba, mama. Pole sana kwa hofu uliyoipata.

Nianze na mtoto, kwa kuwa najua ndiko moyo wako uliko. Madhara ya mafuta ya taa kwenye mapafu huanza kuonekana ndani ya saa chache, na karibu kila mara huwa yamejitokeza kabla ya saa 24 kwisha. Ikiwa wiki imepita na mwanao anacheza, anakula, hana homa, hahemi haraka na hakohoi, basi hatari ya siku ile imeshapita. Ikiwa kikohozi kile hakijakoma, au akivuta pumzi mbavu zinabonyea ndani, mpeleke leo akapimwe kifua, na umtajie anayempima habari ya mafuta ya taa hata asipokuuliza.

Wengi hudhani mafuta ya taa yanaua kwa kufika tumboni. Tumboni mara nyingi hayafanyi makubwa. Hatari yake ni wepesi wake: yanateleza, na kiasi kidogo tu kikipotea njia kikaingia kwenye njia ya hewa, husambaa upesi ndani ya mapafu na kuyaunguza. Kile kikohozi ulichokisikia kinanitia shaka kwamba matone kadhaa yaliingia huko. Mtoto akitapishwa, mafuta yaleyale yanapita kooni kwa mara ya pili, na safari hii yanapita huku analia na kuvuta pumzi kwa nguvu. Kwa hiyo kidole kile kilikuwa na hatari kubwa kuliko funda lenyewe. Maziwa nayo hayafuti sumu. Yanajaza tumbo, na tumbo lililojaa hutapika kwa urahisi zaidi.

Usimlaumu mama mkwe kwa hilo. Sisi wenyewe wa taaluma hii tuliwahi kufundisha hivyo. Kwa miaka mingi wazazi wa Marekani walishauriwa kuweka nyumbani dawa ya maji ya kutapisha iitwayo ipekaki, wampe mtoto akinywa sumu. Ilipofika mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kikasema ushauri huo uachwe, kwa sababu hapakuwa na ushahidi kwamba kutapisha nyumbani kunaokoa. Mama mkwe alifanya alichofundishwa na wakubwa wake, na wao walifundishwa na watu kama mimi.

Sasa tuje kwenye chupa. Katika barua yako yote, jambo lililonishtua zaidi ni maneno matatu: "chupa ya maji". Mtoto wa miaka 2 hajui kusoma. Anajua sura. Chupa angavu yenye kizibo kile kwake ni maji, kwa sababu kila siku anakuona ukiinywea. Hakufanya utundu wowote. Alikuwa na kiu na akatambua chombo. Na si watoto peke yao. Nimewahi kupokea watu wazima, wenye akili timamu, walioamka usiku gizani wakanywa dawa ya kuzibulia mabomba iliyokuwa kwenye chupa ya soda. Mmoja wao koo lake lilipona kwa makovu, likasinyaa, na kwa muda mrefu akawa anarudi hospitali lipanuliwe ili aweze kumeza.

Kwa hiyo nikupe agizo moja ambalo halihitaji kabati wala fedha, na ambalo naliweka juu ya kufuli: kitu cha hatari kisihame chombo chake. Kibaki kwenye kopo au chupa kilichotoka nayo kiwandani, na lebo yake isibanduke. Lebo ina jina la kemikali, ina michoro ya onyo (fuvu la kichwa, ndimi za moto, mkono unaounguzwa na matone), na siku ya shida ndiyo itakayomwambia daktari atibu nini. Ukinunua bidhaa inayopimwa na kumiminwa, kama mafuta ya taa yenyewe, tenga galoni au dumu la kazi hiyo tu, lisilofanana na chombo chochote cha kunywea au kupikia, liandike kwa maandishi makubwa, na lisibadilishwe kazi hata likiisha. Na bidhaa isiyo na lebo yoyote, isiyojulikana imetengenezwa na nani, usiinunue. Kwa sumu za panya na za wadudu nakusihi hili kwa dhati. Baadhi ya zinazouzwa kwenye vipakiti visivyo na jina ni viuatilifu vikali vya shambani, na kiasi kidogo kinatosha kumuua mtu mzima.

Kuna jambo la pili linalokwenda na chombo, nalo ni jina. Lugha yetu ina neno moja, dawa, na tumelitwika mizigo miwili. Tunamwambia mtoto, "Kunywa dawa upone," na jioni ileile tunasema tumenunua dawa ya panya, dawa ya mbu, dawa ya chooni, dawa ya mende. Yule mkubwa wako wa miaka 5 anaweza kabisa kumnywesha mdogo wake dawa ya chooni kwa huruma, kwa sababu anaumwa. Nyumbani kwangu tuliamua zamani kwamba kinachoua au kuunguza kinaitwa sumu, na kinachotoka hospitali tu ndicho dawa. Sumu ya panya, sumu ya mende, sumu ya chooni. Masikio ya wageni hushtuka kidogo, lakini mtoto anaelewa. Na dawa zenyewe za hospitali msiziite pipi ili kumbembeleza mtoto ameze. Atakuja kuzitafuta pipi hizo siku haupo.

Kuhusu mahali. Kabati huna, lakini ukuta unao. Rafu moja ya ubao iliyopigiliwa juu kuliko kichwa cha mtu mzima, mbali na kitanda, kiti, meza au dirisha ambalo mtoto angepandia, inakutosha kwa vitu vingi. Juu ya rafu hiyo weka sanduku au ndoo yenye kifuniko cha kubana. Ukipata komeo au kufuli ndogo ya sanduku, vizuri zaidi. Kimo peke yake kisikupe usingizi mzito, kwa maana mtoto wa miaka 2 husukuma stuli na wa miaka 5 hupanda rafu kama ngazi. Kimo kikiungana na kifuniko kigumu, na kifuniko kikiungana na kutoonekana, hapo ndipo unapata muda wa kumwahi. Chini ya kitanda, chini ya sinki, nyuma ya mlango na pembeni mwa ndoo ya maji hapafai kabisa, ingawa ndiko watu wengi huweka.

Gawanya katika makundi mawili yasiyokaa pamoja: dawa za hospitali upande mmoja, sumu na sabuni kali upande mwingine, na vyote viwe mbali na chakula. Mafuta ya taa, petroli, tina ya rangi na spiriti vinatoa mvuke unaoshika moto, kwa hiyo visikae karibu na jiko, taa wala mshumaa. Petroli isilale ndani kabisa. Vidonge vile vya kufukizia nafaka, vyenye fosfidi ya alumini, navyo visilale chumba kimoja na watu, wala chumba cha jirani mnaopakana ukuta au dari. Vikikutana na unyevu, hata ule wa hewani tu, vinatoa gesi iitwayo fosfini. Familia nzima imewahi kulala na kutoamka kwa sababu ya gesi hiyo. Haina dawa ya kuitengua. Ukiwa na vidonge hivyo, viondoke nyumbani leo, na usivimwagie maji.

Juu ya vifuniko vinavyosifiwa kuwa mtoto hawezi kuvifungua, vile vya kubonyeza na kuzungusha, usivitegemee kupita kiasi. Kipimo kinachotumika Marekani huchukua watoto wa miezi 42 hadi 51, huwapa dakika 10, na chombo kinahesabika kimefaulu hata kama mtoto 1 kati ya 5 atakifungua. Kifuniko hicho kinamchelewesha mtoto. Kumzuia kabisa hakiwezi, na mwanao wa miaka 5 ameshapita umri huo.

Hata ukifanya yote hayo, kuna saa moja ambayo rafu haisaidii, nayo ni saa ya kutumia. Watoto wengi tunaowapokea hawakuiba kitu kilichofichwa. Mama alikuwa anadeki, simu ikalia, chupa ikabaki sakafuni bila kizibo. Bibi alitoa vidonge viwili vya presha, akaviweka mezani akisubiri maji. Baba alichanganya dawa ya kupulizia kwenye kikombe akaenda kutafuta pampu. Kabla hujafungua chombo, jua mtoto yuko wapi na nani. Ukiitwa katikati ya kazi, funga kizibo kwanza au ondoka na chupa mkononi. Na kikombe kilichopimia sumu kisirudi jikoni, hata kikioshwa mara kumi.

Si vitu vyote vina hatari sawa, na nimeona watu wakiogopa kisichostahili hofu hiyo na kudharau kinachoua. Ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ambayo wengi wanaiita jiki ina harufu ya kutisha, ila mtoto akilamba kidogo ile ya kawaida ya nyumbani, mara nyingi huishia kuwashwa mdomo na kutapika. Ubaya wake mkubwa hutokea tunapoichanganya. Ikikutana na dawa ya chooni yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine inayochoma macho na mapafu. Katika choo kidogo, mlango umefungwa, gesi hiyo inatosha kumwangusha mtu. Tumia kimoja, suuza kwa maji mengi, ndipo ufikirie kingine.

Dawa ya kuzibulia mabomba ni habari nyingine. Hiyo mara nyingi ina kostiki soda, ambayo huyeyusha nyama ya koo na kuendelea kuzama ndani bila kusubiri. Tone lililobaki kwenye kizibo linatosha kumuunguza mtoto ulimi. Kama ningekuwa kwenu ningeitoa nyumbani kabisa, nikazibua kwa waya au pampu ya mpira.

Kisha betri zile bapa, ndogo kama kitufe, zinazokaa kwenye rimoti, mizani, saa na midoli inayowaka taa. Hizi zinanikosesha raha kuliko vitu vingi, kwa sababu hakuna anayeziita sumu. Ile yenye upana wa kama milimita 20 ikikwama kooni kwa mtoto, umeme wake mdogo hutengeneza magadi makali papo hapo kwenye nyama, na ndani ya saa 2 tu inaweza kuwa imechimba kidonda kibaya. Mtoto huenda akaonekana ana mafua na mate tu. Hata betri iliyokwisha, ambayo rimoti haiwaki nayo tena, bado inaunguza. Kagua vifuniko vya rimoti zenu leo. Kisichofungwa kwa skrubu kizungushie utepe wa gundi ulio imara. Ukijua au kushuku ameimeza, ni hospitali yenye picha ya eksirei bila kungoja. Ikiwa ana zaidi ya mwaka 1, anameza vizuri, na asali ipo palepale, mpe vijiko 2 vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, visizidi mara 6. Asali inapunguza kuungua kidogo, haiondoi betri. Chini ya mwaka 1 usimpe asali.

Katika dawa za hospitali, mbili zinadanganya sana. Vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, mara nyingi vina rangi na ganda la kung'aa kama peremende. Mtoto akivimeza vingi hutapika na kuhara, kisha kwa saa kadhaa huonekana amepata nafuu, na familia humshukuru Mungu na kurudi nyumbani. Nafuu ile ni ya uongo. Baada yake shinikizo la damu huporomoka na ini huumia. Paracetamol nayo, siku ya kwanza huenda isionyeshe dalili yoyote, huku ini likiendelea kuharibika. Dawa ya kuitengua ipo, na inafanya kazi vizuri sana ikianza ndani ya saa 8. Kwa hiyo kwa vidonge, usisubiri mtoto aumwe ndipo uamini ameumia. Amua kwa idadi ya vidonge vilivyopungua.

Dawa za mama mkwe, kama anameza za presha au kisukari, ziwe na ulinzi uleule. Kidonge 1 au 2 vya baadhi yake vinaweza kumuua mtoto wa kilo 12.

Sasa, ikitokea tena. Mwondolee kilichobaki mdomoni kwa kitambaa, na kama anaweza, asuuze mdomo na kutema. Usimtapishe, iwe kwa kidole, maji ya chumvi au kitu kingine. Maji ya chumvi yenyewe yamewahi kuua watoto. Usimpe maziwa, mayai, mafuta wala mkaa uliosagwa. Mkaa ule unaotumika hospitali kunasa sumu tumboni ni wa aina maalumu, tena haushiki mafuta ya taa, kostiki wala madini ya chuma. Mafuta ya taa au dawa ya wadudu ikimmwagikia, mvue nguo zote na umwoshe kwa maji mengi na sabuni, ukivaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi, maana viuatilifu hupita kwenye ngozi yake na yako pia. Ikiingia machoni, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, hata akilia. Akisinzia au akipoteza fahamu na bado anapumua, mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimrudie.

Kisha piga simu au mkimbize hospitali. Ukiona mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, mate na jasho vinamtoka ovyo, anahara na kifua kinakoroma, hiyo ni sura ya sumu ya wadudu ya aina ya oganofosfati. Kuna dawa yake, atropini, na kila dakika ina thamani. Popote uendako beba chombo chenyewe na lebo yake, hata kama kimebaki kitupu. Mweleze daktari ilikuwa saa ngapi, kiasi gani kimepungua, na uzito wa mtoto. Funda la mtoto wa umri huo ni kama kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo ukijua mafunda mangapi, tunaweza kukisia.

Nchi kadhaa zina kituo cha ushauri wa sumu kinachopokea simu usiku na mchana. Cha kwanza kilianzishwa Chicago mwaka 1953, na mpaka sasa chini ya nusu ya nchi za dunia ndizo zenye kituo kama hicho. Uliza leo kama kwenu kipo. Kama hakipo, chukua namba ya hospitali ya karibu inayopokea dharura saa zote. Iandike kwa kalamu nene, ibandike ukutani karibu na mlango. Namba iliyo ndani ya simu yako haimsaidii mama mkwe siku umetoka na simu yako. Waonyeshe na majirani, kwa sababu watoto wa nyumba za kupanga hawana mlango wao. Mwanao atakunywa kilicho kwa jirani kama vile wa jirani atakavyokunywa kilicho kwako.

Na mama mkwe. Usimwendee na kosa lake la wiki iliyopita. Mtu mzima aliyemwona mjukuu anakohoa na akakimbilia kumsaidia hastahili kuambiwa kwamba karibu amuue. Mwambie, "Mama, daktari amesema sikuhizi mtoto akinywa sumu hatapishwi wala hapewi maziwa, anakimbizwa na chombo chake hospitali." Kisha kaa naye mpange lile sanduku la juu pamoja. Mwache yeye achague upande wa dawa zake na akuambie kila moja ni ya nini na anaimeza saa ngapi. Komeo likishapatikana, mwombe ufunguo aushike yeye, auvae shingoni. Yeye ndiye anayeshinda na watoto mchana kutwa.